Faida ikibaki, nani anaamua iende wapi? Uzi wa ushirika kwa watu wa Dar

DaftariJekundu (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kuna vijana wa bodaboda huku Mbagala wameniomba niwasaidie kuandika masharti ya umoja wao. Wamechanga fedha kidogo, wanataka kununua pikipiki zao wenyewe waachane na hesabu za matajiri, ile hela ya kila siku anayopelekewa mwenye chombo. Sasa wamegawanyika. Wapo wanaotaka kampuni, wapo wanaotaka ushirika, na wapo wawili watatu wanaosema tugawane hela kila mtu ale kivyake. Mimi natunza vitabu vya vyama vya akiba na mikopo hapa mjini, kwa hiyo upande wangu mnaweza kuuhisi, lakini nimeona nilete mada hapa kabla sijawajaza maneno.

Kwanza hili la kwamba ushirika unatanguliza watu kabla ya faida. Watu wakilisikia wanadhani ni shirika la sadaka, faida ni haramu. Hapana jamani. Chama kisichobakiza kitu mwisho wa mwaka kinakufa kama genge la nyanya. Maswali ni mawili tu: nani anapiga kura, na kinachobaki kinakwenda wapi. Kwenye kampuni kura zinafuata hisa. Mwenye hisa 600 kati ya 1,000 akisema tufunge tawi kwa sababu halilipi, limefungwa, hata waliobaki wote wakilia. Kwenye ushirika ni mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye hisa 600 na mama mwenye hisa 5 wakinyoosha mikono, inahesabiwa mikono miwili. Halafu kinachobaki, ambacho kwenye vitabu tunakiita ziada, hakimfuati mwenye mtaji mkubwa. Kinamfuata aliyekitumia chama: aliyekopa na kurejesha, aliyepeleka kahawa nyingi, aliyenunua unga mwingi. Hisa nazo zinalipwa, ila kwa kiwango chenye ukomo.

Mpangilio huu ulitoka kwa watu wenye njaa. Mwaka 1844 mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wafumaji, walichanga hadi ikafika pauni moja kwa kila mtu, wakafungua duka mtaa wa Toad Lane. Siku ya kwanza rafuni kulikuwa na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa, basi. Wenye maduka wa enzi ile walikuwa wanachanganya takataka kwenye unga na kuwafunga wafanyakazi kwa madeni. Hawa wakajiuzia unga safi, kwa mizani ya haki, kwa fedha taslimu, na mahesabu yakifungwa aliyenunua zaidi anarudishiwa zaidi.

Kwetu, wakulima wa kahawa Kilimanjaro walikuwa na umoja wao tangu 1925, na 1933 wakasajili chama chao kikuu, KNCU, mwaka mmoja baada ya mkoloni kutunga sheria ya ushirika. Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba walichoka kuibiwa kwenye mizani wakaanza kupima wenyewe. Kutoka hapo Paul Bomani na wenzake wakafika mwaka 1955 kwenye shirikisho la vyama vya Victoria. Ukichimba chanzo cha vyama hivi utakuta pale mwanzo mtu alikuwa anapunjwa mahali fulani, na waliopunjwa wakaamua kupashika mahali hapo wenyewe. Kwa pamba palikuwa mizani. Kwa boda ni hesabu.

Karibuni. Mawe na matofali yote napokea.


KitiChaMbele

Nimeshaweka kiti. Mwenye kahawa na kashata apitishe huku.


MkoroshoMtupu

Mleta mada unaandika vizuri, tatizo unaandika ukiwa Dar.

Mzee wangu yuko kusini, analima korosho. Kila msimu chama kinakusanya mzigo, ghala linapokea, mnada unapigwa, bei inatangazwa redioni, sisi huku mjini tunampigia simu ya pongezi. Yeye anakaa kusubiri. Anaambiwa hela iko njiani. Ikifika ina makato: ya chama, ya chama kikuu, ya magunia, ya usafiri, na mengine ambayo ukiuliza unaonekana mkorofi. Msimu mmoja magunia yake mawili yalipotea kwenye maandishi tu. Ghalani yapo, daftarini hayapo. Aliyekuwa anaandika hilo daftari amepaua nyumba kwa bati la msauzi, mzee wangu bado ana makuti upande wa jikoni.

Mimi nikisikia neno ushirika napapasa mfuko wangu kwanza. Tajiri akinipiga, najua nimepigwa na tajiri. Ushirika unanipiga kwa jina langu mwenyewe.


Kibopa_wa_Gongo_la_Mboto

Hii sentensi ya mwisho iwekwe kwenye fremu.


DaftariJekundu

Mkorosho, pole kwa mzee, na sitakuja hapa kutetea wapigaji. Wapo, na baadhi nimekaa nao meza moja. Niseme mambo mawili.

La kwanza ni historia. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Ununuzi wa mazao ukaenda kwa mamlaka za mazao, na kijiji chenyewe ndicho kikahesabika kuwa ushirika. Mwaka 1982 ikaja sheria ya kuvirudisha. Majina yakarudi, baadhi ya majengo yakarudi, lakini mazoea ya mwanachama kumuuliza kiongozi wake hayarudi kwa tangazo la gazeti. Watu walikuwa wamezoea kwamba chama ni cha serikali, na cha serikali si cha mtu. Mengi tunayolalamikia leo yana mizizi pale, ingawa si yote, kuna wizi mwingine ni wizi tu.

La pili, na hapa nitachelewa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mkutano mkuu wa mwaka. Niwapitishe ulivyo. Kadi inasema saa tatu, watu wanatimia saa tano. Mwenyekiti anafungua, mgeni rasmi anahutubia, anatoa nasaha kuhusu umuhimu wa amani na mshikamano. Inasomwa taarifa ya mkaguzi haraka haraka na mtu asiyeinua macho. Hii taarifa ndiyo roho ya chama. Ukaguzi wa vyama vingi unafanywa na COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, na hati inaweza kuwa safi, au yenye mashaka, au isiyoridhisha, au mkaguzi akakataa kabisa kutoa maoni. Nimeona ukumbi mzima ukipiga makofi kwa hati yenye mashaka. Halafu yanakuja makisio ya mapato na matumizi, watu wanabishania posho ya kikao, elfu kumi au kumi na tano, kwa karibu saa nzima. Mwishoni kabisa, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, inakuja ajenda inaitwa ukomo wa madeni. Mikono juu, imepita, watu kwenye foleni ya sahani. Pale pale bodi imeshapewa ruhusa ya kukopa mamilioni kwa jina la kila aliyemo ukumbini, na anayeelewa alichokipitisha ni meneja.

Kura moja ya mwanachama inafanya kazi saa ile tu, kabla ya pilau. Mwambie mzee akiitwa mkutanoni aombe nakala ya taarifa ya mkaguzi siku kadhaa kabla, aende nayo kwa mjukuu anayejua hesabu.


MamaWawili_Buguruni

Mimi vyama vikuu sivijui, najua sanduku letu. Ni kikoba cha wanawake, wengi mama lishe, wauza mitumba na wauza viungo. Tunakutana kila Jumamosi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu ambao hawaruhusiwi kuwa ndugu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Hela inahesabiwa mezani kwa sauti, kila mtu anasikia. Ukichelewa faini. Simu ikiita faini. Ukiongea wakati mhesabuji anahesabu, faini, na hii inamchoma sana mwenyekiti wetu maana ni mwongeaji.

Hisa zinaingia kwenye fungu la kukopeshana. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba, ugonjwa na uzazi. Huo hauna riba na haugawanywi mwisho wa mzunguko.

Sasa niwaeleze ilipotaka kupasuka. Wenzetu wachache walikuja na hoja kwamba fedha inalala sandukuni, tuikopeshe nje, kwa wasio wanachama, asilimia ishirini kwa mwezi, mgao unone. Hesabu waliyoleta ilikuwa tamu jamani. Wengi tulishaanza kutikisa kichwa kukubali. Akasimama dada mmoja muuza samaki wa kukaanga, mkimya wa siku zote. Yeye alishawahi kukopa kausha damu mtaani, ile mikopo ya riba kali, wakaja kumbebea friji na televisheni mchana kweupe watoto wakiangalia. Akauliza: tukikopesha hivyo, akishindwa, kati yetu nani ataenda kubeba friji? Akaanza kutunyooshea kidole mmoja mmoja, wewe? wewe? Mhasibu akasema bila kufikiri, "Mimi mgongo unauma." Tukacheka hadi kikao kikavurugika.

Hoja ilianguka. Na nisiwafiche, mgao wetu ulikuwa mdogo kuliko wa kikundi cha jirani, na wawili wetu walihamia huko.


SokoHuria

Dada hadithi nzuri, lakini umethibitisha hoja yangu. Mmechagua kupata kidogo, na wenye akili wakahama.

Wakuu, hizi ni ndoto za kijamaa zimevalishwa suti. Ushirika ni mzuri kwa kuzikana na kukopeshana ada. Ukitaka kutengeneza kitu kikubwa unahitaji mtaji mkubwa, na hakuna mwenye mtaji atakayeweka milioni mia mahali ambapo kura yake inalingana na ya mwenye laki. Na maamuzi yanachelewa. Wakati nyie mnaitisha mkutano mkuu, mwenzenu ameshafungua tawi la tatu. Nitajieni ushirika mmoja uliotengeneza kitu cha maana.


MjombaWaMoshi

SokoHuria, mimi nilisoma Chuo cha Ushirika Moshi, kile kilichoanza 1963 na kuwa chuo kikuu 2014, kwa hiyo hili nina deni nalo.

Nenda nchi ya Basque, Hispania, mji wa Mondragón. Padri mmoja, José María Arizmendiarrieta, alifika pale 1941 baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, akaanza na shule ya ufundi. Mwaka 1956 wanafunzi wake wa zamani wakafungua karakana ya majiko. Leo ni kundi la vyama lenye wafanyakazi takriban 70,000: viwanda, maduka, benki yao, chuo kikuu chao. Mfanyakazi mwanachama ana kura moja, na pengo la mshahara kati ya wa juu na wa chini kwa kawaida halizidi mara sita hivi. Au nenda Gujarat, India, wilaya ya Kaira, 1946, wafugaji waliochoka kupangiwa bei ya maziwa na kampuni moja. Ndiyo Amul unayoisikia, nyuma yake wako wafugaji zaidi ya milioni 3.

Na nisiwe kama wale wa matangazo. Mwaka 2013 Fagor, ile ya vyombo vya nyumbani, iliyokuwa fahari ya Mondragón, ilifilisika. Soko lilibana, madeni yakazidi, na kura haikuiokoa. Kilichonigusa ni yaliyofuata: wanachama wengi walipokelewa kwenye vyama vingine vya kundi lile lile, wengine wakastaafishwa mapema. Vibarua ambao hawakuwa wanachama hawakuwa na mkono huo. Hilo nalo tuliseme.

Kwenye mtaji nakupa alama zako. Ni udhaifu halisi, na ndiyo maana kwa miaka mingi wanaushirika wa nchi hii walikuwa wanalilia benki yao. Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, tuione itakavyokwenda.


SokoHuria

Sawa, Mondragón nimekupa. Lakini pale kulikuwa na padri. Huku kwetu padri mwenyewe ana boda za mkataba.


MzeeWaKurasini

Wanangu, nimesoma kimya nikaona niongeze la hapa hapa mjini. Kurasini nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa bandari. Mwenye nyumba alikuwa na cha kudai, mpangaji alibaki na godoro lake barabarani. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba, vile vya shilingi mia mia kila siku. Wakaungana na wenzao, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakasajili ushirika wa nyumba, wakafyatua matofali wenyewe, wanawake mbele. Nyumba zilianza chumba kimoja kimoja, mtu anaongeza kadiri anavyolipa.

Shida zipo. Chamazi ni mbali na riziki za mjini, wengine nauli iliwamaliza, wengine marejesho yaliwashinda. Lakini mpangaji wa Kurasini kununua ardhi kwa jina lake peke yake, mimi sijaona.


KitiChaMbele

Shikamoo mzee. Huu uzi umeshakuwa darasa.


MfanyakaziMpole

Naomba kuuliza kidogo nje ya boda. Kazini kwetu tuna SACCOS, chama cha akiba na mikopo, makato yanatoka kwenye mshahara kila mwezi, salio kwenye chama haliongezeki. Mwajiri anakata, hapeleki. Tufanyeje?


DaftariJekundu

Hii ni kubwa na iko sehemu nyingi. Kusanyeni hati za mshahara za miezi yote husika pamoja na taarifa za akaunti zenu za chama, bodi iandike barua rasmi ya kudai, nakala kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Msiende mmoja mmoja. Fungua uzi wake, tusiwachanganye watu wa boda.


BodaRangiTatu

Kaka Daftari ni mimi, mmoja wa wale vijana. Nimesoma yote. Niweke hesabu mezani, watu wasione tunalalamika tu.

Boda yangu ni ya mkataba. Hesabu 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 15, halafu inakuwa yangu. Hiyo ni 60,000 kwa wiki, wiki 65, jumla 3,900,000. Kuinunua pale ilikonunuliwa, pamoja na kadi, ni 2,900,000. Milioni moja inakwenda kwa tajiri. Siku nikiumwa, hesabu ipo. Nikikamatwa na askari, hesabu ipo. Wenzangu wawili walinyang'anywa zikiwa zimebaki wiki chache, chombo kimeshachakaa tayari.


SokoHuria

Dogo nakuelewa, ila hiyo milioni tajiri hali bure. Ikiibiwa Kongowe saa sita usiku, nani anabeba? Yeye.


DaftariJekundu

SokoHuria ana hoja, na vijana naomba msiiruke. Kwa pikipiki 20 hiyo milioni moja moja ni milioni 20 kila miezi 15. Zikiibiwa mbili mmepoteza 5,800,000, inabaki 14,200,000. Hapo ondoa bima kubwa kwa zote, maana bima ndogo haikulipi ikiibiwa. Ondoa mtunza vitabu, ondoa ukaguzi. Wekeni akiba ya lazima ya chama. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo ziada yenu, na hicho ndicho mtakachokipigia kura: kurudishiana kulingana na hesabu kila mtu aliyoleta, au kushusha hesabu iwe 8,000, au kuweka fungu la mtu akivunjika mguu asidaiwe mwezi mzima. Tajiri mwenye roho nzuri anaweza kukusamehe ukiumwa. Kwenye chama hiyo huruma inaandikwa kwenye masharti, na haiulizi kama siku hiyo mwenyekiti ameamka vizuri.

Hayo mambo matatu hamwezi kuyapata yote kwa pamoja mwaka wa kwanza. Jiandaeni kugombana.


BodaRangiTatu

Tumeshaanza. Kuna mwenzetu ana boda tano, haendeshi hata moja. Anasema ataweka fedha nyingi kuliko sisi wote, ila anataka kura tano.


MkoroshoMtupu

Nilijua tu atatokea.


DaftariJekundu

Kura tano hapati, sheria yenyewe haimruhusu. Lakini kabla ya kura mjiulize kama awe mwanachama kabisa. Mtu anayeishi kwa kupokea hesabu anataka ipande, nyie mnataka ishuke. Mkimweka ndani mtakuwa mnavutana kila mkutano, na yeye ndiye mwenye muda wa kuhudhuria maana hayuko barabarani.

Fedha yake mnaweza kuitumia bila kumpa chama. Akikopeshe chama kwa mkataba ulioandikwa, riba mliyokubaliana, muda unaojulikana, na deni hilo liwe ndani ya ule ukomo wa madeni niliousema juu, uliopitishwa na mkutano kabla ya pilau. Jambo jingine, msikimbilie kwanza asilimia 10 ya halmashauri, ile mikopo ya vikundi inayotokana na mapato yake. Ile asilimia 4 ya vijana ni fedha nzuri, ila nimeona vikundi vilivyozaliwa kwa ajili ya mkopo vikizikwa na mkopo huo huo. Anzeni na akiba zenu, nendeni kwa Afisa Ushirika wa Manispaa ya Temeke na rasimu ya masharti mkononi, ruksa ya Mrajis itafuata utaratibu wake.


MamaWawili_Buguruni

Na funguo wasipewe ndugu.


BodaRangiTatu

Asante dada. Kikao ni Jumapili saa nane, hapa hapa Rangi Tatu. Mwenye boda tano nimemwalika naye. Amekubali kuja, ila anataka apewe rasimu aisome kabla.


DaftariJekundu

Mpe. Na wengine wote wapeni siku hiyo hiyo.


SokoHuria

Mrejesho muhimu dogo. Nataka kujua tajiri alisemaje aliposoma ukurasa wa kura.